Kabla Hujaenda Kondele

Julai moja, miaka michache iliyopita, tulitembea kutoka Nyalenda hadi katikati ya Kisumu, watu kama themanini, mabango ya katoni mkononi. Dai letu lilikuwa mtaro. Masika yalikuwa yamekwisha lakini tope lilikuwa bado linanuka ndani ya nyumba, maana Auji, mto ambao wakati wa kiangazi mtoto anauruka, ulikuwa umeingia chini ya vitanda vya watu mara mbili kati ya Machi na Mei. Tulifika kwenye ofisi tuliyoilenga, tukaimba, tukapuliza filimbi. Afisa mmoja akatoka. Hakuwa na jeuri. Alitusikiliza mpaka tukanyamaza wenyewe, kisha akasema: "Wazee, akina mama, mna haki kabisa. Lakini bajeti ilipita mwezi jana. Mngekuja Februari."

Tukarudi tumenuna. Njiani mama mmoja anayeuza omena, dagaa wa ziwani, akauliza, "Kwani Februari kuna nini?" Kati ya watu themanini hakuna aliyekuwa na jibu, nami nikiwemo, niliyekuwa nimeshika kipaza sauti.

Swali lake ndilo lililonifundisha karibu yote ninayoyajua kuhusu harakati, kwa hiyo nitalifuata lilikonipeleka.

Hapa kwetu ukitaja harakati, mtu anaona Kondele, mtaa wa maandamano hapa Kisumu: moshi wa tairi, vitoa machozi, bodaboda zikigeuka kwa kasi. Picha hiyo ina historia nzito. Tarehe 25 Oktoba 1969, siku ya ufunguzi wa hospitali kubwa ya Nyanza ambayo watu hadi leo wanaiita Russia, umati ulipigwa risasi mjini humu. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, mtoto wa miezi sita alifariki Nyalenda kutokana na kipigo nyumbani kwao wakati polisi walipofanya msako, na uchunguzi wa mahakama mwaka 2019 ukawatia polisi lawamani. Mzazi wa Kisumu anayemzuia kijana wake kwenda barabarani si mwoga. Anakumbuka.

Siyaandiki haya ili kuidharau barabara. Barabara imewahi kushinda, tena karibuni. Lakini angalia ilivyoshinda. Vijana walioandamana Juni 2024 walikuwa na kitu kimoja cha kupinga, Mswada wa Fedha, wenye vifungu vinavyoweza kusomwa na kutajwa kwa nambari. Walijua lazima upite kabla ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Walijua ni nani angeupigia kura na ni nani angeutia sahihi. Wabunge waliupitisha tarehe 25. Siku ya pili yake Rais akasema hautii sahihi. Gharama ya damu ilikuwa kubwa mno. Hata hivyo, ukiondoa moshi, unaona watu waliofika mlangoni siku ambayo mlango ulikuwa wazi, wakamkuta mwenye ufunguo. Sisi na mtaro wetu tulifika mlango ukiwa umefungwa, na hata hatukuwa na hakika ni wa nani.

Tuanzie hapo basi: mtaro ni wa nani? Katiba ya 2010 ina Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali ya taifa na kaunti, na ningependa kila kikundi cha mtaa kiwe nalo ukutani kama kalenda ya duka. Maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni kazi ya kaunti. Taa za barabarani pia, pamoja na masoko, takataka, zahanati na chekechea. Shule za msingi na za upili ni za taifa, polisi ni wa taifa, barabara kuu ni za taifa. Kwa hiyo ukimfokea mwakilishi wadi kwa sababu darasa la shule ya msingi halina paa, unamfokea mtu asiyehusika, naye kwa kuwa anataka kura yako atakuahidi mabati badala ya kukueleza hivyo.

Halafu inakuja Nyalenda yenyewe. Kwa mgeni ni mtaa mmoja. Kwenye ramani ya uchaguzi, Nyalenda A iko eneo bunge la Kisumu Mashariki na Nyalenda B iko Kisumu ya Kati: wawakilishi wadi wawili, wabunge wawili. Kingo za mto nazo zinaangaliwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ni ya taifa. Maji hayajui mpaka wa wadi, lakini pesa zinaujua vizuri sana. Mtaro ukichimbwa upande mmoja tu, kazi yake ni kuyahamisha mafuriko kwa jirani.

Kuna kosa jingine ambalo nililifanya kwa miaka. Nilidhani mwakilishi wadi ndiye mjenzi. Kazi yake kisheria ni kutunga sheria za kaunti, kuipitisha au kuikatalia bajeti, na kuwasimamia wale wanaoitumia. Wanaochimba na kulipa ni gavana na mawaziri wake. Ukimwomba mheshimiwa mchango wa harambee unamrahisishia maisha: atatoa elfu tano, atapigiwa makofi, na hataulizwa alipiga kura gani kwenye kamati ya bajeti.

Sasa Februari. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga safari nzima ya bajeti ya kaunti kwa tarehe. Kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti inapeleka bungeni kwake mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, wenye orodha ya miradi inayokusudiwa. Kufikia 28 Februari inapeleka waraka wa mkakati wa fedha, unaoamua kila idara isizidishe kiasi gani. Kufikia 30 Aprili yanakuja makadirio yenyewe, mstari kwa mstari. Kamati ya bajeti inayachambua, inaita wananchi watoe maoni, na kabla ya Juni kwisha bunge la kaunti linapitisha.

Mkulima wa Kakamega hapandi mahindi Julai kisha akalaumu ardhi. Sisi tulipanda Julai. Februari ndipo ukubwa wa sufuria unapoamuliwa. Aprili na Mei watu wanagombania vipande vya nyama vilivyomo. Anayekuja Juni ya mwisho anakuta sufuria inaoshwa. (Ipo bajeti ya nyongeza katikati ya mwaka, ambayo hufungua dirisha kidogo, ila dirisha hilo wengi wanaolijua ni watu wa ndani.)

Vikao vya kutoa maoni vipo kwa sababu Katiba inalazimisha: Kifungu cha 196 kinaliamuru bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Tangazo hutoka gazetini, siku chache kabla, na kikao huwa asubuhi ya katikati ya wiki, saa ambayo mwenye kibanda yuko sokoni. Waliokuja wanapewa kitabu cha kurasa mia tatu kwa Kiingereza na soda. Najua kwa nini watu wamechoka navyo. Bado ninakwenda, na sababu yangu ni kesi ya Kiambu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kaunti zote zilitetemeka. Tangu hapo, karatasi ya mahudhurio na maoni yaliyoandikwa yana uzito ambao makelele hayana: siku moja yanaweza kusomwa na jaji.

Ndiyo maana nasisitiza: usiende kikaoni na mdomo mtupu. Andika ukurasa mmoja. Taja mtaro unaanzia wapi na kuishia wapi, nyumba ngapi zinaloa, na ukurasa wa makadirio unaotaka ubadilishwe. Beba nakala mbili, acha moja, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Karani wengine hukataa kugonga. Tulijifunza kumwacha mzee mmoja mwenye subira akae pale kwenye benchi, akiwa amevaa koti na tai, mpaka muhuri upatikane.

Lakini utaandika nini kama hujui ofisi ilitenga nini mwaka uliopita? Hapa kuna sheria ambayo sijui kwa nini haiimbwi mitaani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, iliyotokana na Kifungu cha 35 cha Katiba, inampa raia haki ya kuiomba ofisi ya umma taarifa iliyo nayo. Unaweza kuomba kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza unaitakia nini. Hulipii ombi, unalipia gharama ya nakala tu. Wana siku 21 za kukujibu, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wakikataa au wakinyamaza, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayosimamia malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na Kisumu kuna ofisi yake.

Omba vitu vidogo vilivyo wazi. Ukiandika "nataka taarifa zote kuhusu mitaro" utapewa kizunguzungu. Omba mkataba wa kazi fulani, jina la kampuni iliyopewa, kiasi kilicholipwa mpaka leo, na cheti cha kukamilika. Jibu likija, dai lako linaweza kugeuka kabisa. Kuna tofauti kubwa kati ya mtaro ambao haujawahi kutengewa pesa na mtaro ambao kwenye karatasi ulishachimbwa. Wa kwanza unadai bajeti, wa pili unadai uchunguzi, na mlango wake ni mwingine kabisa, kwa mkaguzi na tume ya kupambana na ufisadi. Nimeona vikundi vikidai la kwanza miaka mitatu wakati tatizo lao lilikuwa la pili.

Ombi rasmi kwa bunge nalo watu wanalichanganya na karatasi ya sahihi inayozungushwa stendi. Kila mtu ana haki ya kuliomba Bunge la taifa kwa Kifungu cha 119, na bunge la kaunti kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Mtu mmoja anatosha. Sahihi elfu tano zinaongeza aibu tu kwa wanaopuuza. Kwa ombi la Bunge la taifa, sheria ya utaratibu huo, ya 2012 pia, inataka liwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, lisiwe na maneno yaliyofutwa wala yaliyopachikwa juu. Useme umejaribu wapi na ukajibiwa nini. Useme kama jambo liko mahakamani au la. Kisha mwisho useme unaomba nini hasa, na uweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au dole gumba. Ombi la kaunti halina sura tofauti sana, ila uliza kwa karani wa bunge husika.

Sehemu ya "unaomba nini" ndipo maombi mengi hufia. "Tunaomba serikali iwajibike" ni sala ya kanisani. Kamati ikisoma hivyo itakubali kwa kauli moja na kwenda kula. Andika: kamati iite idara husika ieleze kwa nini mtaro wa kutoka mahali fulani hadi mahali fulani haumo kwenye makadirio, itembelee eneo, na itoe ripoti bungeni. Hapo kuna kitu kinachoweza kufanyika au kutofanyika, na kutofanyika kunaonekana.

Nambari ya kitambulisho ilitusumbua sana. Wapangaji wengi walikubaliana na kila neno lakini wakagoma kuandika nambari. Ukiwauliza wanakumbuka waliowahi kujikuta wamesajiliwa kwenye vyama vya siasa wasivyovijua. Wengine wanamwogopa mwenye nyumba. Usimlazimishe mtu. Tulipata sahihi arobaini na moja, nami naziheshimu kuliko zile mia sita nilizowahi kuona zikiwa na mwandiko mmoja.

Ukishapita huko ndipo maandamano yanapata maana, na ndipo watu wanaponiuliza, "Mmepata kibali?" Neno hilo lilipaswa kufa mwaka 1997. Katika mageuzi ya mwaka huo kabla ya uchaguzi, Sheria ya Utulivu wa Umma ilibadilishwa: leseni ikaondolewa, ikawekwa taarifa. Unamwarifu mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku kumi na nne kabla. Unataja jina na anwani ya mwandalizi, siku, saa kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni, na mahali au njia mtakayopita. Humwombi. Unamjulisha ili ajipange, na kama kuna kikundi kingine siku hiyo hiyo mahali hapo hapo akwambie. Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa amani na bila silaha.

Hayo ni maandishi. Barabarani unaweza kukutana na afande ambaye hayajamfikia, kwa hiyo jipange kama mtu anayejua hivyo. Beba nakala ya taarifa yenye muhuri. Andika nambari ya wakili kwenye mkono kwa kalamu, kwa kuwa simu huanguka. Mwache mtu mmoja nyumbani mwenye orodha ya majina yote. Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, kukaa kimya, kuzungumza na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24 au siku ya korti inayofuata. Na waangalieni wageni. Kijana asiyejulikana na mtu yeyote, aliyekuja na mawe mfukoni, mara nyingi amelipwa na mtu. Wakati mwingine mna bahati mbaya tu. Vyovyote iwavyo, kaeni chini nyote pale pale. Atabaki amesimama peke yake.

Mahakamani sitakaa sana. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda kortini kwa niaba ya umma bila ada ya kuanzisha kesi, na cha 70 kinahusu mazingira safi. Kesi ni mbio ndefu, na anayefika na barua zenye mihuri, picha zenye tarehe na majibu ya ofisi anafika na nusu ya kesi. Asiye nazo anafika na huzuni.

Mambo haya si mageni magharibi ya Kenya. Tarehe 23 Desemba 1921, watu walikusanyika Lundha, huko Gem, wakaunda chama kilichojulikana kwa Kiingereza kama Young Kavirondo Association. Wenyeji walikiita Piny Owacho, nchi imesema. Viongozi kama Jonathan Okwiri walikuwa walimu, watu wa kalamu, na walikuja na orodha: kipande (kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kubeba) kiondolewe, kodi ya kibanda ipunguzwe, kambi za kazi za lazima zifungwe, hadhi ya koloni iliyotangazwa 1920 irudishwe nyuma. Mwaka 1922 walikutana na gavana mwenyewe. Kambi zilifungwa na kodi ikashuka. Hadhi ya koloni ikabaki. Orodha iliwapa namna ya kuhesabu walichopata na walichokosa.

Kilichofuata ndicho kinachonikuna kichwa. Mwaka 1923 Mkuu wa Mashemasi Owen wa kanisa la Anglikana alikichukua chama kikawa cha ustawi wa walipa kodi, na baada ya muda wanachama wakawa wanaahidi kuua panya na kuchimba vyoo. Vyoo ni vizuri. Lakini dai lilikuwa kodi na ardhi. Kila nikialikwa kwenye warsha ya siku mbili hotelini, yenye kofia na chakula cha mchana, kuzungumzia "uwezeshaji" wakati tuliomba mtaro, namkumbuka Owen, ambaye huenda alikuwa na nia njema pia.

Pesa za watu wengine hubadilisha dai polepole, hata bila mtu kudhamiria. Sisi tuliamua shilingi hamsini kwa mwezi kwa kila mtu, zishikwe na mweka hazina wa chama cha akina mama wauza omena, kwa sababu alikuwa na daftari na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu daftari lake. Fulana za mwanasiasa tulizikataa baada ya mabishano makali, nami sikuwa upande ulioshinda mwanzoni. Zilikuwa fulana nzuri.

Miezi kadhaa baada ya ile Julai, nikisoma sheria ya fedha kwenye simu, niligundua kwamba afisa wetu alikuwa ametupa nusu ya jibu. Ni kweli Februari tungekuta sufuria. Lakini mradi usiokuwemo kwenye mpango wa tarehe 1 Septemba unafika Februari bila jina. Julai tuliyorudishwa nyumbani ilikuwa mwezi wa kuandika, na dirisha la mwaka uliofuata lilikuwa wazi mbele yetu siku ile ile tuliyoambiwa limefungwa.

Mwaka uliofuata hatukutembea. Mwanzoni mwa Agosti tulipeleka kurasa mbili, mama wa omena akabaki pale mpaka muhuri. Mtaro uliingia kwenye mpango, mstari mmoja, mahali fulani baada ya ukurasa wa mia, bila kiasi cha pesa. Februari tulirudi kwa ajili ya kiasi. Kilichopitishwa mwishowe ni kipande cha upande mmoja tu wa mpaka wa wadi. Sasa jirani zetu wa upande wa pili wametuita baraza Jumapili, na wanataka kujua kwanza tunakusudia kuyapeleka wapi maji yetu.